Majina Yanayosomwa Nyakalulu

Sikuondoka Mwadui kwa kupenda matembezi. Nina magoti mabaya, na tangu nistaafu nimegundua kwamba kiti cha barazani ni starehe kubwa kuliko nilivyodhani. Niliondoka kwa sababu mama yangu, akiwa anachambua mchele kwenye ungo, aliniambia hataki kufa kabla hajajua jambo moja: kwa nini baba yake alimwacha.

Mtaani kwetu mama huitwa Mama Suzi, kwa ajili yangu mimi kifungua mimba wake. Wajukuu humwita Bibi. Jina lake mwenyewe ni Milembe, lakini limebaki kwenye kadi ya kliniki tu, na hata huko nesi hulirudia mara mbili kabla mama hajashtuka kuwa anaitwa yeye. Baba yake, babu yangu Masanja, alikuwa mchonga mawe. Mama akiwa bado binti mdogo wa kuchunga ndama, babu aliaga nyumbani akasema anakwenda magharibi, upande wa Uzinza. Huko, juu ya kilima cha Nyakalulu, watawa wa Mtakatifu Benedikto, wazungu waliovaa kanzu nyeusi, walikuwa wanajenga monasteri ya mawe. Alisema mnara wa kengele ukiisha atarudi.

Hakurudi. Zikaja habari kwa wauza ng'ombe kwamba Masanja naye amekuwa mtawa: amenyolewa, amepewa jina jipya, na ameapa kulisahau la zamani pamoja na watu wake. Bibi yangu, mkewe Masanja, aliamini, akaolewa kwingine. Mama naye aliamini, na kwa miaka mingi kila aliposikia kengele ya kanisa alitema mate chini. Alibatizwa akiwa na wajukuu tayari, na mpaka leo husali kwenye kigango ambako hawana kengele, wanagonga rimu ya gari.

"Suzi," aliniambia siku ile, "wewe umekaa na mafaili ya watu miaka yote hiyo. Nenda ukanitafutie faili la baba yangu."

Hapo alinipata. Nilikuwa karani wa masjala ya hospitali maisha yangu yote ya kazi, na sina haya kusema kwamba hakuna mgonjwa aliyenishinda kumpata. Nikamuuliza kikarani kama kuna alama yoyote ya kumtambulisha.

"Mashoto," alisema. "Nyundo aliishika kwa mkono wa kushoto. Na ukilikuta kaburi lake, usimsalimie, umesikia? Muulize kwanza."

Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumanne nilikuwa barabarani Maganzo na mkoba wangu mmoja, nikisubiri basi la kupitia Kahama. Nyuma yangu vilionekana vilima vya kifusi cha mgodi wa almasi, ambavyo wageni huvidhani ni milima ya Mungu. Mimi nimezaliwa navyo. Nilijiambia kuwa mtu aliyekulia kwenye shimo kubwa namna ile hawezi kushangazwa na mashimo ya Geita. Mungu husikia majigambo kama hayo na kuyawekea akiba.

Kagongwa tulifika jua limeshapanda. Mashine za kukoboa mpunga zilikuwa zinanguruma pande zote mbili za barabara, na pumba ilikuwa inaelea hewani mpaka ndani ya basi. Hapo akapanda mwanamume mnene mwenye mfuko mzito, akaketi kando yangu na kuuweka mfuko miguuni kwangu bila hata kuniomba radhi. Ndani yake mlikuwa na nyundo za karasha, vile vyuma vinavyosaga mawe ya dhahabu. Yeye huvipeleka machimboni kote mpaka Buseresere.

"Shikamoo mama. Unakwenda kwa nani huko?" aliuliza.

"Marahaba. Nakwenda Nyakalulu, kwenye monasteri ya zamani."

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kule kwa Mama Kimya! Mimi kule siuzi sana. Saa saba mchana wanazima makarasha yote. Yote, mama! Dhahabu iko chini, mawe yako juu, wao wanazima mashine wanakwenda kunyamaza. Ningekuwa na karasha kule ningeshakuwa ombaomba."

"Wananyamaza kwa nini?"

"Utawakuta mwenyewe," alisema, kisha akalala, na kuanzia hapo mpaka Kahama nilichosikia kwake ni mkoromo tu.

Ushirombo tulisimama kidogo, wakapanda akina mama wa Bukombe na vikapu vya mihogo, rozari shingoni. Nilibadili gari Runzewe, nikapita Bwanga, na jua lilipokuwa linaelekea kuzama nilishuka Buseresere nikiwa na vumbi hata kwenye kope. Nilipata chumba cha wageni kilicho safi, nikakanda magoti kwa maji ya moto, nikalala mapema kama kuku.

Jumatano asubuhi nilichukua bodaboda. Kijana wa boda aliniambia ni mwendo wa saa moja, na ulikuwa saa moja kweli, ila hakuniambia kwamba nusu ya njia ni mapito ya ng'ombe. Tulipita mashamba ya mihogo na mananasi, tukavuka kijito, kisha tukaanza kupanda. Niliposhuka kwenye pikipiki nilikuwa bado namgombeza kuhusu mashimo ya barabarani. Nikainua macho, na ugomvi wote ukanitoka kinywani.

Sijui niueleze vipi ule mnara. Ulisimama juu ya kilima umetengana na miti, mrefu kuliko jengo lolote nililowahi kulisogelea, na ulikuwa wa mawe ya kijivu yaliyochongwa moja moja. Nilitembea hadi ukutani nikagusa. Nilijaribu kuchomeka ukucha kati ya jiwe na jiwe, ukagoma kuingia. Hakuna nyufa wala kupinda, na mtu aliyefanya kazi ile hakuwa na mashine, alikuwa na nyundo na patasi tu. Ila katikati ya urefu wake mawe yaliisha ghafla. Kuanzia pale kwenda juu mnara ulikuwa wa matofali ya kuchoma, ya kawaida, kama ya nyumba yoyote ya Geita. Nilishangaa kidogo kwa nini, nikaacha.

Kuuzunguka mnara huo kilima kizima kilikuwa kinafanya kazi. Maturubai ya bluu yalitanda mteremkoni, na kila turubai lilifunika duara, shimo la wachimbaji, lenye mdomo uliozungushiwa magogo ya kuzuia udongo usiporomoke. Watu walikuwa wanazama na kamba, wengine wanavuta viroba vya mawe, na makarasha yalikuwa yananguruma hivi kwamba nilihisi mtetemo kwenye meno. Nilikumbuka majigambo yangu ya Maganzo nikaona aibu. Shimo la kwetu limechimbwa na matrekta. Haya yamechimbwa kwa mikono ya watu niliokuwa nawaona.

Juu ya mlango mkuu wa monasteri palichongwa neno moja la Kilatini, ambalo baadaye niliambiwa maana yake ni amani. Nikapita chini yake. Ndani palikuwa na ua wa mraba wenye baraza pande zote nne, na upande mmoja moshi wa kuni ulikuwa unatoka kwenye bwalo la chakula. Mlangoni alisimama mama wa makamo, mwiko mkononi, kanga mbili kiunoni.

"Karibu, mgeni. Mimi ni Mama Konso. Ukitaka chakula ni saa saba, ukitaka kelele rudi kule ulikotoka."

Nikajua nimemkuta Mama Kimya. Nikamweleza shida yangu: natafuta babu yangu, anaitwa Masanja, alikuja kuchonga mawe, inasemekana alikuwa mtawa, na mama yangu anataka kujua aliko. Akaufuta mwiko.

"Kama amefia hapa, yumo kwenye kitabu," alisema. "Lakini kwanza uone nyumba. Kitabu hakikimbii."

Akanitembeza, na njiani akanisimulia. Watawa walikuja wachache, wakaishi kwanza kwenye mahema, wakajenga kwa miaka mingi. Walisali mara saba kwa siku, wakapanda msitu mzima wa misindano, wakafuga nyuki, wakafundisha useremala na kutibu vidonda vya watu wa vijiji vyote hivi. Vijana wa hapa nao waliingia utawa, lakini hawakutosha. Chemchemi ilikauka. Wazee wakawa wanazikwa mmoja baada ya mwingine, mpaka wakabaki watatu, na hao watatu wakahamishiwa nyumba nyingine ya shirika lao, mbali. Siku ya kuondoka funguo waliziacha kwa mpishi, ambaye ndiye aliyekuwa baba yake Mama Konso. Walimwachia funguo na kitabu cha marehemu.

"Kwao ilikuwa desturi," alinieleza. "Wakati wa chakula hakuna anayeongea. Mmoja anasoma, wengine wanakula. Na kila siku husomwa majina ya waliokufa tarehe hiyo, ya mwaka wowote. Baba alikuwa anasikia kutoka jikoni maisha yake yote. Walipoondoka akasema, nani atawasomea hawa? Hakujua kusoma vizuri, akaniita mimi. Tukawa tunasoma wawili tu, humu bwaloni, mbele ya meza tupu."

Kisha ikaja dhahabu. Mvua ilibomoa ukingo wa njia nyuma ya kanisa, mtu akaokota jiwe lenye kung'aa, na mwezi haukuisha kilima kilikuwa kimejaa watu. Walihitaji wa kuwapikia, na paa kubwa lilikuwa moja tu. Siku ya kwanza waliingia bwaloni na makelele yao. Mzee mpishi, ambaye wakati huo alikuwa ameshapofuka, akagonga meza akasema humu watu hula kimya na husomewa. Wakamcheka.

"Wiki haikupita," alisema Mama Konso, "duara likaporomoka. Akafa mtu mmoja tuliyekuwa tunamwita Ndizi. Mgeni wangu, watu kama mia walikuwa wamemzunguka, na hakuna aliyejua jina lake la nyumbani. Machimboni ndivyo ilivyo, mtu anaacha jina lake barabarani. Tukamzika hapa. Baba akaniambia, mwandike. Nikamwandika: Ndizi, wa duara la kwanza. Kesho yake niliposimama kusoma, hakuna kijiko kilicholia."

Saa saba kasoro dakika chache nilikuwa nimeketi mwisho wa meza ndefu ya mninga. Makarasha yalikuwa bado yananguruma. Likazimika moja. Likazimika jingine, upande wa bondeni. Yakaendelea kuzimika hivyo, moja moja, mpaka nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu nifike: upepo kwenye misindano. Kisha wakaanza kuingia. Walikuwa weupe kwa vumbi kutoka utosini hadi unyayoni, watu wazima wenye mabega mapana, na kila mmoja alivua kofia mlangoni, akanawa, akachukua sahani yake ya ugali na maharage, akaketi. Walikuwa zaidi ya mia mbili. Sikusikia hata mmoja akikohoa.

Mama Konso alipanda kijukwaa kidogo cha mawe kilichojengwa ukutani, palepale watawa waliposomea, akafungua kitabu kikubwa cha jalada jeusi.

"Leo," alisoma, "Bruda Anselmo, mfuga nyuki. Na Bati, wa duara la tatu, aliyependa kuimba."

"Wapumzike kwa amani," wakaitikia wote kwa sauti ya chini. Wazee wawili wenye baraghashia karibu yangu waliinua viganja, wakanong'ona dua yao, wakaendelea kula. Basi. Ni majina mawili tu. Lakini mimi nilishindwa kumega ugali. Nimefanya kazi hospitali. Nimeyafunga mafaili ya marehemu na kuyapeleka stoo, mengi mno. Sikuwahi kufikiria kwamba watu wenye njaa, walioacha dhahabu chini, wanaweza kunyamaza kwa ajili ya mfuga nyuki wasiyemjua.

Baada ya chakula Mama Konso aliniwekea kitabu mezani. Nilivaa miwani, nikatoa kalamu na karatasi, nikaanza Januari. Nilikuwa na uhakika. Nilitafuta Masanja, hayumo. Nikatafuta mtawa yeyote wa asili ya Usukuma, nikawapata wawili, wote vijana, walioingia mnara ukiwa umeshaisha. Nikarudia tangu mwanzo kwa kidole, mstari kwa mstari, ukurasa kwa ukurasa, kama tulivyokuwa tunatafuta faili lililopotea. Saa kumi na moja jioni nilifunga kitabu. Mtu ambaye hakuna mgonjwa aliyemshinda alikuwa ameshindwa na babu yake mwenyewe.

"Hayumo," nilimwambia Mama Konso. "Labda alikwenda kwingine. Labda alituacha tu, kama watu wanavyoacha."

Alinipa chumba kimojawapo cha watawa, chenye kitanda cha mbao na dirisha dogo linalotazama mnara. Nilikaa pale mpaka giza likaingia, nikitunga maneno ya kumwambia mama. Kila sentensi niliyoitunga ilikuwa inamuua kidogo.

Alhamisi asubuhi, mkoba ukiwa begani na boda ameshaitwa, Mama Konso alinisimamisha jikoni kwa chai na kiazi.

"Huondoki kabla sijakuandika," alisema, akavuta daftari la shule lililochakaa. "Kila anayelala hapa naandika ni nani na kwao wapi. Hata hawa wachimbaji, hali mtu sahani ya kwanza kabla hajanipa jina la nyumbani na jina la mamaye. Sitaki tena mtu afe hapa tukose pa kumpeleka. Jina?"

"Suzana. Mwadui."

"Mama?"

"Mama Suzi."

Mchimbaji aliyekuwa anakunywa uji pembeni, jamaa mrefu waliyemwita Shati Moja, akaangua kicheko. "Mama, Suzi si ni wewe? Unajizaa?"

Nami nikacheka. "Jina lake yeye," alisema Mama Konso, kalamu ikiwa hewani. Nakiri nilisita. Si jina ninalolitamka.

"Milembe," nilisema.

Kalamu haikushuka. Shati Moja aliweka kikombe chake chini polepole.

"Babu yako," aliuliza Mama Konso, "alikuwa anashika nyundo kwa mkono gani?"

"Kushoto," nilisema. Hilo sikuwa nimemwambia.

Hakukifungua kitabu. Alifumba macho, akasema kwa kichwa, kama mtu anavyosema Baba Yetu: "Baba Milembe, mchonga mawe wa mkono wa kushoto. Alianguka kutoka mnarani. Tulimtafuta Milembe, hatukumpata."

"Apumzike kwa amani," akaitikia Shati Moja. "Wa mwezi wa nane huyo. Tunamjua wote."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimepita juu ya mstari ule mara mbili kwa kidole changu mwenyewe. Nilikuwa natafuta Masanja, tena kati ya watawa, kidole kikikimbia majina tu bila kusoma kilichofuata, na kichwani mwangu mama ni Mama, hana jina. Macho yalisoma, moyo haukusoma.

Mama Konso alinishika bega, akasema nilipomtajia mtawa mawazo yake hayakwenda kwa mafundi, kisha akanieleza aliyoyasikia kwa baba yake. Mafundi wa Kisukuma walikuja kwa makundi, wakafanya kazi, wakaondoka, na kati yao mtu aliitwa kwa mwanawe wa kwanza, kama ilivyo heshima. Babu yangu hakuitwa vingine. Watawa walimpenda kwa kazi yake, wakamwambia abatizwe, apewe jina jipya. Akawajibu kwamba jina analo tayari, yeye ni Baba Milembe, na hilo linamtosha. Hakunyolewa wala hakuapa kitu. Mnara ulipofika nusu, jukwaa lilikatika. Wenzake wa kijiji walikuwa wameshaondoka, na watawa hawakujua kwao ni wapi, walijua tu kuna binti. Bruda Anselmo, yule mfuga nyuki, alipanda baiskeli akaenda mpaka Shinyanga akimuulizia Milembe. Lakini Milembe wamejaa Usukuma nzima. Alirudi baada ya mwezi mmoja, akauandika mstari ule kwa mkono wake. Wakamalizia mnara kwa matofali, kwa sababu hakupatikana tena mtu wa kuchonga mawe namna ile.

"Baba alikuwa anasema," alimaliza, "kosa lilikuwa letu. Tulikula jasho la mtu tusimuulize kwao. Hili daftari langu limetokana na babu yako."

Shati Moja alinipeleka makaburini. Yapo nyuma ya kanisa, yamezungushiwa kamba ya katani, na nje ya kamba maduara yameganda kama ng'ombe mbele ya zizi. Nikamuuliza kwa nini hawaingii.

"Mwamba wa dhahabu unapita humo humo, mama," alisema. "Chini ya hawa wazee. Ukiwa ndani ya duara unauona unakwenda, unang'aa kabisa. Ukifika usawa wa kamba unageuza. Hatujaandikiana, ila hakuna anayegusa. Na mimi nikianguka kesho, nitalazwa hapa hapa."

Mwisho wa safu, baada ya misalaba ya chuma ya watawa, kulikuwa na jiwe la kijivu lisilo na msalaba. Lilichongwa nyundo tu, mpini ukielekea kushoto. Lilikuwa limefagiliwa. Niliagizwa nisimsalimie, niulize kwanza. Lakini nilikuwa nimeshajibiwa, na goti langu bovu lilikuwa limeshagusa ardhi.

"Shikamoo, babu," nilisema.

Saa saba mchana boda alikuwa ameshakata tamaa ya kunisubiri, naye akaingia bwaloni kula. Makarasha yalizimika. Wakaingia, wakavua kofia, wakaketi. Mama Konso alisoma jina la siku hiyo, wakaitikia. Kisha badala ya kushuka akafunua kurasa mbele, mpaka mwezi wa nane.

"Huyu si wa leo," alisema, "lakini leo tutamsoma." Akausoma mstari wote. Alipofika kwenye "hatukumpata" akainua macho, akanitazama. "Milembe amepatikana," alisema. "Yuko hai. Yuko Mwadui. Huyu ni mwanawe."

Hakuna aliyepiga makofi wala kelele. Kimya ni kimya. Lakini mtu mmoja alisimama, kisha wa pili, mpaka bwalo zima likawa limesimama, wale watu mia mbili wa vumbi, na wakanigeuzia nyuso zao nikaona kwamba wengi wanalia. Mama Konso akaniita kijukwaani, akanipa kalamu, na chini ya mwandiko wa Bruda Anselmo niliandika kwa mwandiko wangu wa masjala: Amepatikana.

Mlangoni Shati Moja alinibebea mkoba. "Mwambie bibi," alisema, "kila mwaka tunamuulizia."

Nililala tena Buseresere, na Ijumaa nilirudi kwa njia ileile: Bwanga, Runzewe, Ushirombo, Kahama. Kagongwa pumba iliingia tena dirishani. Sikulala hata kidogo. Nilikuwa nawaza juu ya kazi yangu ya zamani, jinsi nilivyojivunia kwamba jina likiandikwa sawasawa mtu hapotei. Kumbe kuandika ni nusu. Nusu ya pili ni mtu wa kusimama na kulisoma, na wengine wakubali kuacha kazi zao walisikie. Hilo nimelijulia uzeeni, kilimani kwa wachimba dhahabu.

Jioni nilimkuta mama barazani, kwenye kiti changu. Hakuuliza habari za safari. "Ulimuuliza?" alisema.

Nikaketi chini, mkekani, nikamweleza yote kwa utaratibu: mnara na ukucha wangu uliogoma kuingia, mahali mawe yanapoishia, baiskeli ya Bruda, kamba ya katani, jiwe lililochongwa nyundo. Alisikiliza akiwa ameangalia mbele. Nilipomwambia kwamba hakuwa mtawa, alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayetua mzigo lakini bado hajaamini kuwa umetoka.

"Hakurudi kwa sababu alikufa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na jina jipya walilompa, lilikuwa nani?"

"Hakupewa. Alilikataa. Alisema analo tayari."

"Masanja."

"Hapana, mama. Huko hakuna aliyemjua kwa Masanja. Alikuwa na jina moja tu, na ndilo wanalolisoma mpaka leo, kila mwaka, mashine zikiwa zimezimwa."

Akanigeukia. Nikalitamka kama nilivyolisikia kwa Mama Konso, polepole, kwa sauti ya kufika mbali.

"Baba Milembe."

Mama alinyanyuka kwenye kiti. Hakushika mkongojo. Alisimama wima kuelekea magharibi, mikono ameikutanisha mbele, kama binti mdogo aliyeitwa na mkubwa wake kutoka zizini.

"Abee, baba," alisema.